Miaka kumi na mmoja tunafuga kwenye ardhi isiyo yetu

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia kutoka Sandhills, Nebraska. Ni saa kumi alfajiri, nimetoka zamu ya usiku na usingizi hauji.

Mimi ni binti wa Kisukuma, nimekulia Kishapu, Shinyanga. Baba yangu ana ng'ombe, kwa hiyo watu wakiniuliza niliwezaje kuolewa na mfugaji wa Kizungu, huwa naona swali lenyewe ni la ajabu. Mume wangu alipokuja nyumbani kujitambulisha, baba alimtoa sebuleni hata chai haijamiminwa, akaenda naye zizini. Walikaa huko kama saa nzima bila mkalimani. Waliporudi, baba alisema sentensi moja tu: huyu anajua kutazama ng'ombe.

Ranchi yetu, kama naruhusiwa kuiita yetu, ni ekari 6,000. Karibu yote ni vilima vya mchanga vilivyofunikwa na majani. Huwezi kulima hapa, ukichana ile ngozi ya majani mchanga unaondoka na upepo. Babu yake baba mkwe alianza na ekari 640 alizopata kwa sheria ya Kinkaid ya mwaka 1904, na majirani walipokata tamaa akawa ananunua za kwao kidogo kidogo. Miaka ya mvua nzuri tunabeba majike 350. Baba mkwe ana miaka 79. Mama mkwe alifariki miaka sita iliyopita. Watoto wao ni watatu: mume wangu, wifi yangu anayeishi Denver na shemeji yangu wa Omaha. Hao wawili waliondoka walipomaliza shule. Huja Krismasi, na huja Mei siku ya kupiga ndama chapa.

Mume wangu analipwa na baba yake dola 1,800 kwa mwezi, na nyumba, nyama na mafuta ya gari. Majike 50 ni wetu na wana chapa yetu. Waliobaki ni wa mzee, na ardhi yote ni ya mzee. Mimi ni muuguzi kwenye hospitali ndogo kilomita 70 kutoka hapa, na bima ya afya ya familia nzima inatoka kwenye kazi yangu. Mwaka jana kisima cha malisho ya kaskazini kilikufa. Nikalipia kuchimba kingine, pampu na tangi, dola 19,000 za akiba yangu, kwenye ardhi isiyo na jina langu wala la mume wangu.

Ukame wa 2022 ulitufanya tuuze majike 130, na 40 kati yao walikuwa wetu. Tuliuza wakati kila mtu anauza. Sasa bei imepanda mpaka kumrudisha jike mmoja ni ndoto. Tangu hapo mume wangu si yule aliyekwenda zizini na baba. Haongei. Anakula robo sahani. Usiku anaamka kuangalia mitamba, wale majike wachanga wanaozaa mara ya kwanza, hata saa isiyo zamu yake.

Wiki tatu zilizopita, nyuzi 24 chini ya sifuri, mtamba mmoja alishindwa kuzaa. Nilishika tochi, yeye akafunga minyororo kwenye miguu ya ndama, tukavuta kila mtamba aliposukuma. Ndama alitoka kama amekufa. Tulimkimbiza ndani tukamtia kwenye bafu la maji ya moto, na mwanangu wa miaka minane akalala sakafuni kando ya bafu akimsugua masikio kwa taulo mpaka kulipokucha. Ndama amepona, ila ncha za masikio zimekufa kwa baridi. Mume wangu alikuwa amekaa juu ya ndoo, damu na ute mpaka viwikoni, akasema labda mimi na watoto tungekuwa na maisha mazuri zaidi kwa pesa za bima yake ya maisha. Nikamwambia aache upuuzi, akaoge.

Sasa shida yenyewe. Kila nikisema tumwulize mzee habari ya ardhi, mume wangu ananijibu kwamba mtu hamwulizi baba yake atakufa lini. Namwelewa. Kwetu pia, mtoto akiulizia mirathi baba akiwa hai, anaonekana anamwombea kifo. Mzee naye husema, "Siku moja yote haya yatakuwa yako," halafu anavaa kofia anatoka. Krismasi iliyopita wifi aliuliza mezani ekari moja siku hizi inauzwa bei gani. Hakuna aliyemjibu.

Nimepata kazi Lincoln, mwendo wa saa tano kwa gari. Mshahara ni mzuri na shule ni nzuri. Wanataka jibu mwezi huu. Nichukue watoto niende? Nikae? Au mimi, mkwe na mgeni, nimwulize mzee mwenyewe?

Mke wa mfugaji,
Nebraska

*

Marahaba mwanangu,

Nimeisoma barua yako mara tatu, na nitaanza pale ulipopita haraka.

Aliyoyasema mumeo juu ya ile ndoo si upuuzi. Mtu asiyelala, asiyekula, aliyenyamaza miaka mitatu, akianza kupiga hesabu ya bima yake ya maisha, yuko hatarini. Ungeyasikia maneno hayo kwa mgonjwa wodini ungejua la kufanya kabla hajamaliza kusema. Kwa mume ni vigumu, kwa sababu tunataka sana yawe uchovu tu. Leo hii, kabla ya ardhi na kabla ya Lincoln, mkalishe, watoto wakiwa wamelala, umwulize waziwazi: unafikiria kujiua? Usizunguke. Kumwuliza hakumpandikizii wazo hilo, kunampa mlango. Akisema ndiyo na ameshafikiria namna, usimwache peke yake hata dakika, mpeleke kunakotibiwa dharura. Akisema hapana, bado bunduki zitoke nyumbani. Najua kila ranchi ina bunduki ya mbweha na ya nyoka. Zikae kwa jirani mnayemwamini mpaka hali itulie, na mbweha mtawafukuza kwa njia nyingine. Namba ya simu ya msaada kwa mwenye mawazo ya kujiua ni 988, saa zote, nchi nzima. Apige yeye au upige wewe.

Hapo Nebraska kuna pia simu ya wakulima, Nebraska Rural Response Hotline, iliyoanza 1984 wakati madeni yalipokuwa yanawang'oa watu mashambani. Anayepokea hahitaji kuelezwa mtamba ni nini. Wanatoa vocha ya kuonana na mshauri bila malipo, na wana kliniki za bure za sheria na za fedha za shamba. Utazihitaji zote mbili, kwa hiyo iandike namba yao kwenye mlango wa friji.

Kuhusu wale majike. Mwambie baba yako kule Kishapu kwamba mume wako ameuza majike 130 na uone atakavyonyamaza. Aliyeuza maksai ameuza mavuno ya mwaka. Aliyeuza jike ameuza mabinti zake na wajukuu zake, ukoo uliochaguliwa tangu enzi za babu: huyu ana kwato nzuri, yule hagombi na ndama wake, yule mwingine anajua pa kujificha dhoruba ikitoka kaskazini. Ukinunua wengine mnadani utapata ng'ombe, lakini hawajui vilima vyenu. Na mumeo anawajua mmoja mmoja. Juu ya hapo kila akifungua redio ya asubuhi anasikia bei. Tarehe 1 Januari 2025 Marekani nzima ilihesabiwa kuwa na ng'ombe milioni 86.7, idadi ndogo kuliko zote tangu 1951. Ndiyo maana bei imepaa, na ndiyo maana anajiona mjinga.

Si mjinga. Angewabakiza wale majike kwenye ukame ule, wangekula majani mpaka mizizi, na mchanga ungefunguka. Umeishi huko miaka kumi na mmoja, umeyaona yale mashimo meupe upepo unapokwisha kufukua kilima, yanavyochukua miaka kufunga tena. Mumeo aliuza ng'ombe akaokoa ardhi. Ardhi isiyo yake, tena! Mtu mmoja tu anaweza kumwambia hivyo akaamini, naye ni baba yake, na nina hakika mzee hajawahi kulitamka.

Sasa nikuambie yangu, ujue ninakoongelea. Mimi ni mtu wa Tanga. Nilikuja Kansas 1998, nikaolewa kwenye Flint Hills, huko ambako mawe yako karibu mno na uso wa ardhi hata plau haikuweza kuingia, na ndiyo sababu majani marefu ya asili yamebaki. Sisi hupokea maksai wadogo Aprili tukishachoma malisho, tunawanenepesha kwa majani mapya, wengi wanaondoka Julai. Baba mkwe wangu alikuwa mtu mwema sana. Naye alikuwa akisema "siku moja yote haya", akavaa kofia, akatoka. Alifariki mwezi wa nne, wiki ya kuchoma malisho. Usiku wa kuamkia mazishi mume wangu alifungua kisanduku cha vifaa kwenye trekta akitafuta spana, akakuta bahasha ya duka la chumvi ya mifugo. Nyuma yake, kwa penseli, mzee alikuwa ameandika: malisho ya mto kwa fulani, kilima cha mashariki kwa fulani, nyumba kwa fulani. Mwandiko wake kabisa. Hakuna tarehe, hakuna sahihi, hakuna shahidi. Niliishika ile bahasha mkononi, ilikuwa inanuka grisi. Alikuwa ameshaamua kila kitu, na mbele ya mahakama ilikuwa karatasi ya chumvi. Miaka mitatu ya kesi, ndugu wanne waliokula meza moja hawasalimiani, na nusu ya malisho ikaenda kwa mtu ambaye sijawahi kumwona akishuka kwenye gari lake.

Kwa hiyo nikisema andikeni, sisemi kwa tamaa.

Kwenu mambo yako hivi. Mzee ni mjane. Akifariki Nebraska bila wosia, mali yake inagawanywa sawa kwa watoto watatu. Mumeo anakuwa mmoja wa watatu kwenye ardhi aliyoitunza maisha yake yote, na yeyote kati ya hao wengine anaweza kwenda mahakamani kuomba mgawanyo. Ardhi isipogawanyika vizuri, inauzwa. Piga hesabu mwenyewe: hata kwa dola 900 kwa ekari, ekari 6,000 ni zaidi ya milioni tano. Nani atawanunua wenzake theluthi mbili kwa mauzo ya ndama? Na wifi yako simwoni mbaya kwa kuuliza bei mezani. Ni mtoto wa yule mzee kama mumeo, naye alikuwa anagonga mlango ule ule mnaouogopa ninyi. Mngemjibu.

Ila usiende ukadai mzee aandikishe ardhi kwa jina la mumeo kesho asubuhi. Hapa wengi huharibu. Mtoto akirithi ardhi, serikali huihesabu kwa thamani ya siku baba alipofariki. Akipewa zawadi baba akiwa hai, inabaki na ile bei ya zamani aliyonunulia, na siku ya kuuza kodi ya faida ni kubwa mno. Zipo njia nyingine: wosia unaompa mumeo haki ya kununua hisa za ndugu zake kwa bei iliyokubaliwa na kwa miaka mingi, ardhi kuwekwa ndani ya kampuni ya familia, bima ya maisha ya mzee kuwaendea wale wawili wa mjini, au angalau mkataba wa kukodi malisho wa miaka kumi unaoshika hata mzee akiondoka. Ipi inawafaa, aseme mwanasheria anayejua ranchi akiwa na mhasibu pembeni. Tafuta wa ranchi kweli, usimchukue yule wa kesi za ajali za magari kwa sababu ofisi yake iko karibu na hospitali.

Nani amwulize mzee? Mumeo, nawe ukae naye. Usiende peke yako. Si kwa kuwa ni mkwe wala mgeni, mtu aliyechimba kisima si mgeni. Ni kwa sababu mzee atajibu kwa adabu, na mumeo atajiona amepitwa nyumbani kwake.

Na asianze na kifo. Hesabu umri wa mzee: miaka ya 80 ilipoanza alikuwa kijana wa thelathini na kitu mwenye watoto na mkopo. Riba ya mikopo ilivuka asilimia 15, bei ya ardhi ikaporomoka, minada ya mashamba ikawa kila wiki. Amewaona majirani wakisimama uani kwao wakiangalia trekta lao likinadiwa. Mtu aliyepita hapo hushika hati ya ardhi kama mama anavyoshika mkono wa mtoto sokoni. Mwacheni asimulie. Mumeo amwulize: baba, mlinusurikaje mwaka 1985? Nani alikusaidia? Mzee akimaliza, aulizwe la pili: miaka kumi ijayo unataka kuona ng'ombe wa nani kwenye vilima hivi? Hapo atakuwa anajibu habari ya uhai wa ranchi. Na akianza kujibu, msimkate kauli hata akirudi nyuma mpaka 1904.

Mzee anaogopa kitu kingine pia, naweza kuapa. Wastani wa umri wa mkulima Marekani, kwa sensa ya kilimo ya 2022, ni miaka 58.1. Hawa watu hawastaafu, kwa sababu hawajui wataamka kufanya nini. Kwa hiyo kwenye mazungumzo yenu awepo na kazi yake. Kama ndiye anayezungukia vinu vya upepo vinavyovuta maji ya ng'ombe, aendelee kuvizungukia mpaka magoti yakatae, na iwe imesemwa kwamba hiyo ni kazi yake.

Muda: msiliguse hili sasa hivi katikati ya kuzalisha, hakuna aliyelala. Mwezi wa tano wote watatu watakuwa hapo kwa ajili ya chapa. Siku yenyewe iacheni, ile ni siku ya majirani, ya kamba na masufuria. Kesho yake asubuhi, kabla wifi hajawasha gari kurudi Denver, wote mezani. Kishapu mngeita wazee wa ukoo wakae katikati. Hapo wazee hao hamna, lakini Idara ya Kilimo ya Nebraska ina mpango wa usuluhishi kwa familia za mashamba, na wataalamu wa ugani wa Chuo Kikuu cha Nebraska wamekaa kwenye meza nyingi za namna hiyo. Mwiteni mmoja. Mbele ya mgeni ndugu huchunga ndimi.

Kuhusu pesa zako nitakuwa mkali. Kuanzia leo usitoe hata dola moja kwenye kisima, uzio au pampu bila karatasi. Zile 19,000, tafuta risiti zote, uandike ukurasa mmoja wenye tarehe na kazi iliyofanyika, mzee aweke sahihi kwamba anatambua. Anakupenda, ataweka. Mali bila daftari hupotea bila habari, nasi tuliolelewa kwenye Kiswahili tunaijua hiyo tangu darasa la tatu, halafu tunaona haya kuitumia kwa wakwe. Angalia pia chapa yenu imesajiliwa kwa jina la nani kwenye kamati ya chapa ya Nebraska. Kama ni la mumeo peke yake, au mbaya zaidi bado ni la mzee, rekebisheni. Upande wenu wa jimbo chapa ndiyo hati ya ng'ombe.

Halafu kuna ule mshahara wa 1,800. Mzee pengine hana fedha taslimu za kuongeza, lakini mitamba anayo. Mwombeni sehemu ya malipo iwe mitamba, tuseme kumi kila mwaka, ipigwe chapa yenu. Ndivyo kundi la mumeo litakavyorudi bila benki, tena kwa damu ile ile ya majike anaowajua. Kwa mwanamume aliye katika hali yake, kuhesabu mitamba kumi yenye chapa yake kila vuli ni dawa ambayo mimi na wewe hatuwezi kuandika kwenye cheti.

Lincoln sasa. Usijibu ndiyo mwezi huu. Waombe wakusubiri, wakikataa, muuguzi hakosi kazi nchi hii. Ila weka tarehe moyoni na umwambie mumeo waziwazi, isiwe siri: Oktoba, mkishawaachisha ndama kunyonya na malori yakiondoka. Ikifika hapo kukiwa na wosia, au mkataba, au hata miadi na mwanasheria ambayo mzee mwenyewe ameihudhuria, kaa. Ikifika na kofia bado inavaliwa na mlango unafungwa, nenda Lincoln na watoto kwa baraka zangu, na mwambie mumeo kwamba kitanda chake kiko huko. Hutakuwa umemwacha. Lakini hali yake ya moyo haina tarehe ya Oktoba. Hiyo ni usiku wa leo.

Niandikie baada ya chapa. Na yule ndama wa masikio mafupi, wanunuzi watamkata bei kwa masikio yale, kwa hiyo mnadani asiende. Kama ni jike, abaki, na siku ya chapa aandikwe kwenye daftari kwa jina la kijana aliyelala naye bafuni.

Shangazi yako,
Flint Hills, Kansas